Kichwa kinapouma juu ya mgongo wa mlima: maswali na majibu

Wengi wanaoteremshwa mlimani kwa machela walianza kuumwa kichwa siku moja kabla, wakanyamaza. Majibu haya ni kwa ajili yao.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini?
Ni mwili kukosa oksijeni ya kutosha kabla haujazoea urefu wa mahali. Huko juu mgandamizo wa hewa hupungua, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Huanza kwenye mita 2,500 hivi, mara nyingi saa 6 hadi 12 baada ya kufika: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula, uchovu usiolingana na mwendo.

Njia yetu inapita kwenye nyasi tupu, karibu tambarare. Bado kuna hatari?
Ndiyo. Mapafu hayajui kama unakanyaga nyasi au mawe. Mbuga zilizo juu ya mpaka wa miti, yaani mahali miti inapoishia mlimani, hudanganya: mwendo ni mwepesi, hema unapiga popote, watu wanapitiliza kituo cha kulala. Na mgongo wa mlima una ubaya wake. Unaweza kuufuata kwa muda wa saa 5 ukabaki kwenye urefu uleule, na pengine kurudi nyuma kunakulazimu upande kwanza. Kabla ya safari, tia alama kwenye ramani kila njia inayoteremka bondeni.

Kichwa kinauma na nasikia kutapika. Nimeze dawa ya maumivu, niendelee polepole?
Hapana. Dawa hiyo hutuliza maumivu, haiongezi oksijeni. Usipande hata mita moja. Mwambie mwenzako, pumzika hapohapo, kunywa maji kadiri ya kiu. Pombe na vidonge vya usingizi usiguse, maana hudhoofisha upumuaji usiku. Hali isipotengemaa ndani ya saa 24, shuka. Ikizidi, shuka saa hiyohiyo.

Dalili zipi hazingojewi kabisa?
Mwambie mgonjwa atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, au akiongea mambo yasiyoeleweka, chukulia kwamba ubongo umevimba. Akihema ilhali amekaa tu, akikohoa, midomo ikiwa ya buluu au makohozi yana povu la waridi, maji yanajaa mapafuni. Shukeni.

Lakini ni usiku. Tungoje kuche?
Hapana! Akilala, oksijeni kwenye damu hushuka zaidi. Mliyemwacha akiyumba jioni mnaweza kumkuta hajitambui alfajiri. Washeni taa, anzeni kumteremsha sasa, mita 300 hadi 1,000 au zaidi, hadi apate nafuu. Mwenye maji mapafuni abebwe, kifua kimeinuliwa, afunikwe vizuri, kwa sababu kujikakamua na baridi humzidishia. Dhoruba ikifunga njia, mpeni oksijeni, naye aliyefunzwa ampe deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo. Hivyo ni vya kumshikilia tu. Njia ikifunguka, shukeni, hata kama anasema anajisikia vizuri.

Mimi ni mkimbiaji, nina pumzi nyingi. Linanihusu?
Linakuhusu sana. Mazoezi hayakingi ugonjwa huu, na wenye nguvu ndio hupanda haraka mno, kisha huona aibu kusema wanaumwa.

Nijikinge vipi?
Ukivuka mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Kila siku 3 au 4, lala usiku wa pili palepale. Kama ratiba haiwezi kulegezwa, muulize daktari kuhusu asetazolamidi, dawa inayousaidia mwili kuzoea mwinuko, ambayo kwa kawaida huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Mweleze mizio yako ya dawa.

Mgonjwa amepona huko chini. Apande tena?
Kama yalikuwa maumivu ya kichwa na kichefuchefu tu, na yameisha kabisa bila dawa, anaweza, kwa mwendo wa taratibu zaidi. Aliyeyumba au aliyehema akiwa amekaa aende hospitali siku hiyohiyo, na safari hii kwake imekwisha.