Siyo ramu, ni vitu vya GDI hujavifuta

"Kodi (code) yangu iko sawa kabisa, tatizo kompyuta ina ramu ndogo." Hii nimeshaisikia mno kwa watu wanaoandika programu ya kunasa skrini na kuichora ndani ya dirisha lao kwenye Windows, na kila mara dalili ni zile zile: programu inafunguka vizuri, picha inatembea, zinapita dakika kadhaa halafu dirisha linakuwa jeusi, vitufe vinapotea maandishi, menyu haichoreki, na mtu anakimbilia kuongeza ramu au kuilaumu kadi ya grafiki. Jamani, ramu haihusiki hapo.

Kila DC (device context, yaani uwanja wa kuchorea) na kila bitmap (picha iliyo kwenye memori) unayounda inahesabiwa kama kitu cha GDI, ile sehemu ya Windows inayochora picha na maandishi, na Windows kwa kawaida inairuhusu programu moja iwe navyo 10,000 basi, hata kompyuta iwe na ramu ya GB 64. Piga hesabu mwenyewe, unanasa fremu 30 kwa sekunde na kila fremu inaacha bitmap moja haijafutwa, sekunde ya 333 umeshagonga ukuta, yaani dakika tano na nusu tu. Kuanzia hapo CreateCompatibleBitmap, ile ya kuunda bitmap, inakurudishia NULL (yaani hakuna kitu), na kwa sababu hukuangalia imerudisha nini, unaendelea kuita BitBlt (ya kunakili picha kutoka DC moja kwenda nyingine) kwenye DC isiyo na picha yoyote ya maana.

Huamini? Fungua Task Manager, nenda Details, bofya kulia kwenye vichwa vya safu uongeze safu ya GDI objects, kisha iache programu yako ifanye kazi huku unaitazama ile namba. Ikipanda bila kushuka basi kodi yako inavuja, hakuna mjadala.

Dawa ni nidhamu tu: cha kuazima kinarudishwa, ulichounda mwenyewe unakifuta. DC ya GetDC inarudi kwa ReleaseDC, ya CreateCompatibleDC inafutwa kwa DeleteDC, na watu wanazichanganya hizi mbili kila siku. Bitmap inafutwa kwa DeleteObject, ila kwanza rudisha kwenye DC ile iliyokuwamo mwanzo kwa SelectObject, usiifute yako ikiwa bado imeshikiliwa. Na ushauri wangu ambao sichoki kuurudia: usiunde upya kila fremu! Unda DC na bitmap mara moja programu inapoanza, zitumie hizo hizo, unda nyingine pale tu ukubwa unapobadilika.

Halafu kuna wanaoandika kwa lugha ya C# wanaosema "sisi hayo hayatuhusu, memori inajisafisha yenyewe". Inawahusu sana. Ukiita GetHbitmap unapewa bitmap ya GDI, na kuifuta kwa DeleteObject ni kazi yako, hakuna atakayekufanyia. Na ukiweka picha mpya kwenye PictureBox (kisanduku cha kuonyeshea picha) ile ya zamani haiitiwi Dispose ya kuiachia, inabaki inaning'inia, hapo sasa ndo ramu inaliwa kweli, na picha moja ya 1920 kwa 1080 yenye baiti 4 kwa kila pikseli ni kama MB 8.3, sasa zidisha kwa fremu zako.

"BitBlt inaharibu rangi, picha inatoka nyeusi na nyeupe." Hapana, umeipa CreateCompatibleBitmap ile DC ya memori ambayo ndo kwanza imeundwa, na hiyo huzaliwa na bitmap ya pikseli moja isiyo na rangi. Ipe DC ya skrini.

"Ninase ndani ya WM_PAINT ili iwe laivu." WM_PAINT ni ujumbe wa Windows unaokuja pale dirisha linapohitaji kuchorwa, siyo saa. Nasa kwenye taima, weka kwenye bitmap yako, ita InvalidateRect (ya kuomba dirisha lichorwe upya) ukiwa umeweka FALSE mwishoni ili mandharinyuma yasifutwe kila mara (ndo kumeta kwenyewe kunakowasumbua), WM_PAINT yenyewe ibaki na kazi ya kunakili tu.

Picha kukatika upande ni kwa sababu programu haijatangaza kwamba inajua DPI (kiwango cha kukuza skrini), skrini ya 1920 kwa 1080 iliyokuzwa asilimia 150 unaambiwa ni 1280 kwa 720. Kama una monita ya pili upande wa kushoto wa ile kuu, kumbuka X yake ni hasi, anzia SM_XVIRTUALSCREEN (X ya mwanzo wa monita zote kwa pamoja) siyo 0. Kipanya kutoonekana siyo bagi pia, BitBlt haikinasi, kichore mwenyewe kwa GetCursorInfo na DrawIconEx.

Na wale wa "BitBlt imepitwa na wakati, itupeni": kwa picha moja moja au fremu chache inatosha kabisa. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde ndo utumie Desktop Duplication, njia nyingine ya Windows ya kunasa skrini, ipo tangu Windows 8 na inakuambia hata sehemu zipi za skrini zimebadilika, ila hata huko fremu ukishaichukua lazima uiachie kwa ReleaseFrame kabla hujaomba nyingine.