Kwa nini chaja hukubali Marekani, lakini pasi hugoma?

Umefika Minneapolis, umefungua begi, umechomeka adapta uliyoinunua uwanja wa ndege. Simu inaingia chaji bila shida. Sasa zamu ya pasi uliyotoka nayo Dar es Salaam: nusu saa imepita, bado ni vuguvugu, hata kola hainyooshi. Adapta ni ileile, soketi ni ileile. Kulikoni?

Adapta ya kawaida ni plastiki yenye vipande vya shaba ndani. Inaisaidia plagi yetu ya miguu mitatu minene kuingia kwenye matundu membamba ya Wamarekani, basi. Umeme wenyewe haiugusi. Na umeme wa kule ni volti 120, wakati wa Tanzania ni 230 na wa Kenya 240.

Pasi ni waya unaopashwa moto tu. Volti zikipungua nusu, mkondo nao hupungua nusu, kwa hiyo joto linabaki robo. Pasi ya wati 2000 inageuka ya wati 500 hivi. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Shangazi akirudi Mombasa na mashine ya kukausha nywele ya volti 120, akaichomeka ukutani, itavuta takriban mara nne ya nguvu iliyotengenezewa. Fyuzi isipowahi, moshi utawahi.

Chaja ni mjanja zaidi. Ndani yake mna saketi inayoukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde huku ikipima unaotoka, kwa hiyo uipe volti 100 za Japani au 240 za Nairobi, simu inapata kiwango chake kilekile. Igeuze usome maandishi yale madogo: 100–240V, 50/60Hz. Kifaa kilichoandikwa 120V peke yake, au 230V peke yake, kikihamia kwenye umeme mwingine kinahitaji transfoma ya kubadili volti, na transfoma ya kumudu pasi ni nzito kama tofali. Mimi ningenunua pasi hukohuko.

Tofauti hii ni ya zamani. Mwaka 1882 mvumbuzi Thomas Edison aliwasha taa za New York kwa volti 110 hivi. Ulaya baadaye ikahamia 220, kwa kuwa nguvu ileile hupita kwa mkondo mdogo na waya mwembamba zaidi. Marekani tayari walikuwa na taa na vifaa tele majumbani. Nani angekubali kuvitupa?

Plagi yetu nayo tuliachiwa na Mwingereza. Kiwango chake, BS 1363, kilitoka mwaka 1947, shaba ikiwa adimu baada ya vita. Nyaya za nyumba zikapangwa kwa mzunguko ili kuokoa shaba, na kila plagi ikapewa fyuzi yake. Mguu wa juu, ule wa ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja), ni mrefu makusudi: ndio unaofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Anayetumbukiza kalamu pale juu ili plagi ya miguu miwili iingie anaidanganya soketi kwamba ethi imefika. Kweli hufunguka, ila kifaa hakina ethi wala fyuzi ya plagi, na miguu myembamba hulegea humo hadi ikatoa cheche.

Kwa plagi hiyohiyo utatua Muscat, Dubai au Singapore na kuchaji bila adapta. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, soketi nyingi ni za miguu ya mviringo, na adapta utaihitaji.