Je, wajua? "Mimi" wa kwenye wimbo wa shida si lazima awe mwimbaji

Rapa akishanunua gari kubwa halafu atoe ngoma ya njaa na paa linalovuja, hapa Mombasa hukosi mtu barazani wa kusema "muongo huyu, njaa gani na tumbo lile?" Wengi tunachukulia kwamba mwimbaji akisema mimi basi ni kama ameapa kortini, sasa tunabaki kushangaa vipi watu walioshiba wanaendelea kulia.

Lakini nyimbo za shida hazijawahi kwenda hivyo, na mchezo huu ni mkongwe kuliko hip-hop yenyewe.

Chukua leso, yaani khanga. Pale Biashara Street mama hachagui rangi peke yake, anasoma jina kwanza, yale maneno yaliyochapwa chini, na jina lile hakulitunga yeye, limechapwa kiwandani leso chungu nzima, lakini akishajifunga akapita nayo mbele ya mlango wa jirani fulani maneno yashakuwa yake na jirani ujumbe ameupata. Hakuna wa kumuuliza ulitunga lini. Na wimbo ni hivyohivyo, mtunzi anauandika, mwimbaji anajifunga, halafu msikilizaji naye anajifunga. Taarabu imejaa haya: tungo kadhaa alizoimba Juma Bhalo zilikuwa za binamu yake Ahmad Nassir, yaani uchungu umeandikwa na mmoja sauti ni ya mwingine, na bado harusini atainuka bibi na noti yake aende kutuza kwenye ubeti uleule unaomhusu, huku jicho liko kwa mtu aliyekaa safu ya nyuma. Hapo wimbo ni wa nani? Wa bibi, mpaka ubeti uishe.

Uingereza ya karne ya 19 walifika mbali zaidi. Mtu akinyongwa, mitaani ziliuzwa karatasi za mashairi ya majuto yake, ati kayatunga mwenyewe usiku wa kuamkia kitanzi. Mwandishi wa habari Henry Mayhew alipowahoji wauza karatasi hizo London, mmoja akamwambia bila haya kwamba mtunzi ni yeye, na malipo ni shilingi moja.

Hata hip-hop, ule wimbo wa 1982 uliofungua mlango wa kurap dhiki za mtaa, "The Message", sehemu kubwa aliuandika Ed Fletcher, mpiga ala wa studio. Jina la DJ Grandmaster Flash liko kwenye jalada ila kwenye kurekodi hakuhusika, na kundi lake mwanzoni halikuutaka kabisa, waliona wimbo wa shida nani ataucheza pati.

Ila tusivuke mpaka. Hip-hop imejiwekea sheria yake kwamba rapa aandike mwenyewe, kuandikiwa ni aibu, na kundi la rap la Ukoo Flani waliotokea hapahapa Mombasa hawakuhitaji kuazima shida ya mtu, mtaa waliokuwa wakiurap ndio waliokuwa wakiishi. Kwa hivyo kusikiliza tu hakukwambii nani anasimulia yake na nani amejifunga ya mwenzake. Marekani waendesha mashtaka wamekuwa wakipeleka mistari ya rap kortini kama ushahidi wa uhalifu, mpaka 2022 California ikapitisha sheria kwamba jaji aipime kwanza, tena wale raia wa jopo la kuamua kesi (jury) wakiwa nje, kabla hawajasikia hata mstari mmoja.