Kuku wa kienyeji hafi ovyo, na dhana nyingine zinazomaliza mabanda Nairobi

"Kienyeji ni mgumu, chanjo ni ya kuku wa kizungu." Hakuna maneno yaliyomaliza kuku wengi wa uani kama haya, kuanzia Kayole hadi Kawangware. Kweli, kienyeji huvumilia njaa na baridi kuliko wa kisasa. Lakini virusi vya kideri, au Newcastle kama wauzaji dawa wanavyouita, havichagui kabila la kuku. Ukishaona mharo wa kijani, mabawa yaliyolegea na shingo iliyopinda, umechelewa: ugonjwa huu hauna tiba. Pilipili na shubiri kwenye maji haziutibu. Anayeapa kwamba shubiri iliokoa kuku wake, muulize waliozikwa ni wangapi.

Kinga ni chanjo, na hapa Nairobi hatuwezi kusingizia umbali, maana KEVEVAPI, taasisi ya serikali inayotengeneza chanjo za mifugo, iko Embakasi. Chanjo ya matone huwekwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Kwa kuwa kichupa kimoja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa ua mmoja, ni busara majirani wachange na kuchanja siku moja. Ibebe kwenye barafu kutoka dukani. Ukiamua kuitia kwenye maji ya kunywa, usitumie ya mfereji yalivyo: chanjo hii ni virusi hai vilivyopunguzwa makali, na klorini huviua. Maji ya mvua au ya kisima yasiyotiwa dawa ndiyo yanayofaa. Kuku mgeni naye, hata kama umeletewa zawadi na shangazi kutoka mashambani, atengwe angalau wiki mbili.

Dhana ya pili huvaa sura ya kubana matumizi: "Mahindi yameota kuvu, basi wape kuku." Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mahindi ya aina hiyo hayageuki salama kwa kumezwa na kuku. Sumu hiyo huharibu ini, hupunguza utagaji na hushusha kinga ya mwili. Tena kiasi fulani huweza kubaki kwenye ini na mayai, yaani kile ulichokataa kusaga unga unakirudisha mezani kwa mlango wa nyuma. Kuosha hakuiondoi, kuchemsha hakuimalizi. Tupa, na usitupe mahali kuku watakapoyafikia.

Eti bila jogoo hakuna yai? Mtetea hutaga bila yeye, ila mayai hayo hayaanguliki. Kwenye ploti yenye wapangaji kumi, kutokuwa na jogoo wa kuwika saa kumi usiku ni amani tupu.

Kiini cha manjano iliyokolea nacho watu hukilipia zaidi wakidhani ndicho chenye lishe. Rangi hiyo hutokana na majani na mahindi ya manjano, na viwanda vya chakula cha kuku huweza kuiongeza wapendavyo.

Halafu kuna baridi ya Julai. Wengi huamini kwamba vifaranga wakifungiwa na jiko la makaa, kila tundu likizibwa, watasalimika. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, ndiyo, lakini makaa katika chumba kisicho na hewa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua vifaranga, na wewe pia ukilala humo. Ziba upepo chini, acha nafasi juu, weka maranda makavu. Kipimajoto si lazima: wakirundikana chini ya taa ya joto wanahisi baridi, wakikimbilia pembeni huku midomo wazi wamezidiwa na joto, wakitawanyika na kudonoa, usiguse kitu.