Msimu wa Palizi Usimtoe Binti Darasani

Wakazi wengi wa Nairobi, wawe wa Kayole, Kawangware au Lang'ata, hutuma pesa nyumbani mwezi ukiisha, na Januari hutuma zaidi kwa sababu ya karo na sare. Wanafanya vyema. Lakini sisi tunaofuatilia masomo ya wasichana mashambani tunaihofia zaidi miezi ya Mei na Juni. Januari binti hufungua shule pamoja na wenzake, sare imepigwa pasi na madaftari ni mapya. Hupotea baadaye, na hupotea kidogo kidogo.

Trans Nzoia na Uasin Gishu, mahindi hupandwa Machi na Aprili, kwa hiyo palizi huangukia muhula wa pili. Bungoma na Kakamega, miezi hiyo ghala huwa tupu na mavuno ya Agosti yangali mbali. Nyumba ikikosa unga, kila mwenye mikono hutafuta kibarua, na anayeondolewa darasani kwanza ni yule asiye na mtetezi: yatima, msichana anayelelewa na nyanya mgonjwa, au aliyeachwa kwa jamaa. Kwenye mpunga wa Mwea, muhula wa tatu una kazi yake: kuamia ndege. Kwelea hushuka kwa makundi makubwa alfajiri na tena jioni, na anayeamia hushinda juu ya tuta akirusha madongo na kupiga kelele hadi giza liingie. Ni wakati huohuo ambapo wenzake wanajiandaa kwa mitihani ya mwisho wa mwaka.

Rejista ya darasa huyaonyesha haya mapema kuliko mtu yeyote. Kwanza binti hukosa siku moja kila wiki, ile ya soko. Kisha siku mbili. Kisha wiki nzima ya palizi. Akirudi anakuta hesabu imesonga, mtihani unamshinda, anaona haya mbele ya wadogo wake, na siku moja anasema shule imemshinda. Ukweli ni kwamba ameshindwa na siku alizokosa. Ndiyo maana nawasihi ndugu zangu wa mjini: ukipiga simu nyumbani, usiulize tu kama mtoto anasoma, maana utajibiwa ndiyo. Uliza amekosa siku ngapi wiki hii. Omba nambari ya mwalimu wa darasa umuulize mwenyewe. Na pesa unazotuma, zigawanye. Za gunia la mahindi au vibarua wawili wa palizi mwezi wa Mei zinaweza kumbakisha darasani kuliko begi jipya la Januari.

Elimu ya msingi haina karo tangu 2003, na tangu 2008 serikali hulipia masomo katika shule za sekondari za kutwa. Gharama zilizobaki ndizo zinazouma: chakula cha mchana, sare, sodo. Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa 2017 ili wasichana shuleni wapewe sodo bure, lakini usitegemee kwamba mgao utafika kwa wakati. Nunua. Tena uliza binti anafikaje shule. Kilomita nyingi za miguu ndizo zinazomfanya akubali lifti ya bodaboda kila siku, na lifti ya bure ina mwenyewe wa kuidai.

Familia inayolea yatima na haina uwezo iende kwa chifu kuulizia mpango wa serikali wa kusaidia yatima na watoto walio hatarini, ulioanza kwa majaribio 2004 na hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni pesa kidogo. Hata hivyo, watafiti waliofuatilia familia zinazozipokea waligundua kwamba mimba zilipungua miongoni mwa wasichana wa nyumba hizo.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa Nairobi moja kwa moja. Kumtoa msichana wa miaka 14 kijijini aje kukulelea mtoto, kwa ahadi kwamba "atasoma mwakani", ni kumwachisha shule. Katiba inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamkinga na kazi inayomkosesha masomo. Kuwa mpwa wako hakubadilishi neno hapo.

Na akipata mimba? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Familia nyingi huamua papo hapo kwamba masomo yamekwisha, wengine huanza kupanga ndoa, ingawa hakuna ndoa halali chini ya miaka 18. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua, na akiona aibu kurudi pale alipokuwa, atafutiwe shule nyingine. Mwalimu mkuu akimkataa, nendeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Kama kuna aliyemdhulumu, au kuna njama ya kumwoza, pigeni 116. Simu hiyo ni ya bure, usiku na mchana, na jirani pia anaweza kuipiga.