Je, wajua kwa nini wataalamu wa mbawakawa hukimbilia kuangalia sehemu za siri?

Ukiwekewa mezani mbawakawa wa ardhini wawili wa Japani, Carabus maiyasanus na Carabus iwawakianus, ukaambiwa utaje yupi ni yupi, utabaki kukodoa macho tu. Wote wana sentimita mbili na ushee, hawaruki, wanazurura chini ya majani makavu msituni, na watoto wao wanakula minyoo ya udongoni. Rangi nayo usiiamini kabisa, maana kwenye kundi lao hili, lenye spishi kama 15 na lisilopatikana nje ya Japani, unakuta huyu wa shaba, yule kajaa ukijani, mwingine mweusi tii, na bado wanaweza kuwa spishi moja.

Sasa wanafanyaje? Kwanza wanatafuta dume. Angalia miguu ya mbele, ya dume ina vipingili vya mwisho vilivyotanuka na kwa chini kuna vinywele vya kung'ang'ania mgongo wa jike. Kama alishakauka analainishwa kwa maji ya moto, halafu chini ya darubini unaingiza sindano nyembamba mwisho wa tumbo na kuuvuta uume taratibu (ukiwa na haraka utaukata, basi tena). Ndani ya uume kuna kifuko laini ambacho wakati wa kupandana kinajitokeza nje, na kwenye hicho kifuko kuna kipande kidogo kigumu. Hapo ndipo penye jibu: kwa maiyasanus ni kirefu chembamba, kwa iwawakianus kifupi kipana. Jike naye ana kimfuko ndani ya uke chenye vipimo vya kumpokea dume wa kwao.

Yaani ni kufuli na ufunguo, na wazo lenyewe ni la zamani, Mfaransa Léon Dufour alilitoa 1844, ila kwa wadudu wengi wanasayansi walilitilia shaka sana. Halafu 1998 watafiti Wajapani Teiji Sota na Kohei Kubota wakatoa utafiti wao, waliwapandanisha hawa wawili kwa makusudi, na madume hawakubagua, walipanda tu hata jike asiye wa kwao. Kilichofuata si kizuri. Kile kipande cha dume mara nyingi kilivunjika, majike wengine walichanika ndani wakafa, na mayai yaliyorutubishwa yakawa machache. Kwa hiyo dume mwenye kipimo cha ajabu ajabu haachi watoto wengi mahali spishi mbili zinapokutana, ndo maana maumbile ya huko ndani yamebaki tofauti hata kama huku nje wanafanana.

Wa kushangaza zaidi ni Carabus uenoi wa Mlima Kongo karibu na Osaka (si Kongo yetu hii jamani), huyo kipande chake kimerefuka kupita kiasi, na hapatikani mlima mwingine wowote.

Utasema si wapime DNA tu yaishe? Wanapima, lakini kufuli hili halifungi asilimia mia, machotara wapo sehemu ambazo spishi zinapakana, na DNA ya mitokondria, ile inayotoka kwa mama, imeshavuka mara kadhaa kutoka spishi moja kwenda nyingine. Ukiisoma hiyo peke yake unaweza kuambiwa huyu ni iwawakianus wakati umbo la uume linasema vingine, kwa hiyo wanasoma pia DNA ya kwenye kiini cha seli, na sindano na darubini bado ziko mezani.