Waombaji Ishirini, Chumba Kimoja: Mwangalie Mpangaji wa Mwezi wa Saba

Ukitangaza chumba na sebule Sinza au Tabata, Dar es Salaam, asubuhi, hadi jioni simu imekwisha chaji. Dalali mmoja kaleta watatu, mwingine anaapa kwamba mteja wake pesa anayo mkononi. Hapo wenye nyumba wengi huteleza: chumba hupewa wa kwanza kutoa kodi ya miezi sita.

Pesa hiyo haikwambii mengi. Kwa chumba cha laki mbili ni milioni moja na laki mbili, na huenda kaipata kwenye upatu au mkopo. Miezi sita ikiisha, huo wa saba ataitoa wapi tena? Muulize alikotoka kodi ya mwisho aliilipaje, kwa mkupuo au vipande vipande. Usidanganywe na tai pia. Mama lishe anayeweka kidogo kila siku anaweza kulipa vizuri kuliko mwajiriwa ambaye mshahara wake umeliwa na makato.

Kisha piga simu kwa mwenye nyumba wake wa zamani. Nasema wa zamani, kwa sababu wa sasa anaweza kumsifia ili tu amwondokee. Uliza alilipa kwa wakati, alichangia umeme wa LUKU na maji bila ugomvi, na kama angempangisha tena.

Kitambulisho kitazame, usikipokee tu. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kama zinasema mwaka 1972 na aliyesimama mbele yako ni kijana wa chuo, una la kuuliza. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka nayo inasaidia.

Ugomvi mbaya kuliko yote huanzia kwenye kishika nafasi, ile pesa ya kuzuia chumba kisipewe mwingine. Mwenye nyumba anapokea laki kwa huyu, kesho dalali analeta mwingine mwenye nyingi zaidi, naye anapokelewa. Wiki ijayo magodoro mawili yako mlangoni. Pokea kwa mmoja, mwandikie risiti yenye tarehe ya mwisho ya kukamilisha, wengine waambie wasubiri.

Masharti yako (idadi ya watu, siku ya kuhamia, mifugo) yaandike daftarini kabla hujatangaza, uwaulize wote yale yale. Kabila na dini visiwemo. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi. Na huu mtindo wa "sipangishi mwanamke asiye na mume" umewakosesha wenye nyumba wapangaji wazuri mno.

Ukishasaini mkataba, wapigie waliokosa uwaambie. Picha za vitambulisho vyao zilizobaki WhatsApp zifute: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu kuhifadhi taarifa za mtu kupita muda wa shughuli iliyokufanya uzichukue. Na dalali uliyemtumia picha hizo, mwambie afute za kwake pia.